Simbiliki wa Jumatatu

Mkwe wangu Fabien ana miaka ishirini na minne na bado anavaa shati jeupe la shule. Alipofika mwaka wa nne wa sekondari baba yake alifariki, naye akaenda Lulimba kuchimba dhahabu. Alikaa huko miaka mitano. Alirudi Baraka na kovu begani, godoro moja, na nia ya kumaliza masomo. Sasa yuko mwaka wa sita, mchepuo wa biyoshimi, yaani biolojia na kemia, kati ya vijana wa miaka kumi na minane. Wanamwita Pedeje, jina wanalopewa wakubwa wa mashimo kule machimboni, na wanajua vizuri kwamba hakuwahi kuwa mkubwa wa shimo lolote.

Mimi ni mlinzi wa shule hiyo. Ninafungua vyumba, ninafagia, ninapiga kengele. Masomo yangu yaliishia la sita la msingi. Kusema mbele ya watu sikuwezi tangu utoto. Hata katika vikao vya ukoo wanaosema ni ndugu zangu, mimi ninaitikia tu.

Fabien alimwoa binti yangu Merveille mwaka juzi. Mbuzi waliletwa, wazee wakakaa, tukapatana kwamba shuleni jambo hilo lisijulikane, kwa sababu sheria ya shule yetu ni moja: mwanafunzi mwenye mke anatoka. Kule wananiita muzee tu, na Fabien ananisalimia kama wengine wanavyonisalimia.

Mimba ya kwanza ya Merveille ilitoka ikiwa na miezi mitano. Katika ukoo wetu, mwanaume ambaye mke wake ana mimba haui mnyama wala hapasui tumbo la mnyama mpaka mtoto azaliwe. Kuku akitakiwa kuchinjwa, anamwita jirani. Siku kumi kabla ya mimba ile kutoka, Fabien alikuwa amesaidia kupasua nguruwe wa Noeli. Daktari alisema ni malaria. Mke wangu hakubishana na daktari. Alirudi nyumbani, akamtazama Fabien, na mpaka leo hajasema neno juu ya nguruwe yule. Afadhali angesema.

Mwaka huu wa shule ulipoanza, Merveille alishika mimba tena. Ilikuwa imefika mwezi wa tano prefe, mkuu wa shule, aliponiita ofisini. Alisema wanafunzi wa mwaka wa sita watapasua mnyama darasani, na amesikia kwangu kuna simbiliki. Nilikubali kabla hajamaliza. Ndivyo nilivyo. Simbiliki wetu, wale kama panya wanene wasio na mkia tunaowafuga kwa nyama, wanaishi jikoni, kati ya kuni na mafiga, wanakula majani ya viazi. Mlango uko wazi mchana kutwa na hawatoki. Wakishtuka wanakimbilia ndani zaidi. Nilichagua watatu, nikawatia kikapuni. Nilidhani mwalimu atapasua yeye mwenyewe na wanafunzi watatazama. Kwa hiyo sikumwambia Fabien kitu.

Siku ya somo, Alhamisi, Prof Wilfried, mwalimu wao, aliwalaza simbiliki kwa pamba yenye dawa mpaka wakafa, akawanyoosha juu ya mbao, miguu imeshikwa kwa miiba ya mlimau. Kisha akagawa darasa makundi matatu, na akatoa nyembe tatu. Mkubwa kwa umri katika kila kundi ndiye atakayepasua.

Nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Fabien alipokea wembe, akanitazama mimi, akauweka mezani. Akasema kichwa kinamuuma.

“Pedeje,” Guy, kijana wa kundi lake, akamwuliza, “kule machimboni ulikuwa unapika chai tu?”

Darasa lilicheka sana. Guy alichukua wembe, akapasua. Prof Wilfried hakukasirika. Alimwambia Fabien kwamba alama za kazi hiyo zinaingia katika faili la mtihani wa serikali, na sifuri haifutiki. Atarudia Jumatatu, peke yake, mbele ya wote. Kisha akanigeukia: nilete simbiliki mwingine.

Nyumbani kwangu, wanakokaa yeye na Fabien, Merveille aliuliza kwa nini simbiliki wamepungua. Nikasema ni mbwa. Fabien aliinama akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Mimi na Fabien tulizunguka nyuma ya nyumba, tukakaa juu ya gogo.

“Papa,” akasema, “nikisema ukweli, nafukuzwa. Nikipasua, na mutoto akatoka tena, mama ataniangalia namna gani?”

Nilimwambia asubiri. Akaniuliza asubiri nini. Tulipima njia zote kwa maneno. Akijifanya mgonjwa, prof atampangia siku nyingine. Nikisema simbiliki wamekwisha, atataka chura, na vyura kando ya ziwa hawana mwenyewe. Ningemwomba mke wangu shauri, lakini kumwomba ni kumweleza kwamba wembe uko tayari na simbiliki ametoka kwangu. Merveille akatuita kula, tukala tukisifu mboga.

Jumatatu nilimtia kikapuni dume mzee. Nilifika mapema nimkute Prof Wilfried peke yake. Maneno nilikuwa nayo tangu Alhamisi, nimeyapanga moja moja. Nikamkuta. Nikamsalimia, nikamwuliza kama anataka maji ya kunawa. Akasema ndiyo, nikaenda kuyaleta.

Darasa lilijaa, hata wa mwaka wa tano walikuja madirishani. Fabien alisimama mbele ya ubao, wembe mkononi. Mkono ulikuwa umesimama tu juu ya tumbo la mnyama aliyekwisha kuuawa kwa pamba ile ile, hauendi, haurudi. Nilihesabu pumzi zake. Kisha nikaona niko ndani ya darasa, na wembe nimeushika mimi.

“Prof,” nikasema, “acha mi nipasue. Yeye aseme majina.”

Prof Wilfried ni mtu wa upande wa Kilembwe, ambako mwiko wetu huo unajulikana, na ana watoto wanne. Alinitazama, akamtazama Fabien, akarudi kwangu, polepole.

“Muzee, unajua kupasua?”

“Kule jikoni, ndiyo.”

Walicheka, na mara hii kicheko kilikuwa changu. Nikapasua. Fabien alishika kijiti cha tete, akawa anaonyesha bila kugusa. Alitaja viungo kwa Kifaransa, kimoja baada ya kingine, na mimi nilivijua vyote kwa majina ya sufuriani: maini, figo, moyo. Hakukosea hata kimoja. Prof aliandika kumi na saba juu ya ishirini.

Walipotoka nilibaki kuosha meza. Prof Wilfried naye alibaki.

“Miezi mingapi?” akauliza.

Nikasema mitano.

“Sawa. Mi sikusikia kitu.”

Nilimshukuru. Nilikuwa bado ninakausha mikono alipoongeza, kwa sauti ile ile nzuri, kwamba ukuta wa jiko lake umeanguka, na kama Jumamosi mimi na mkwe wangu tuna nafasi, tupite.

Tulipita. Jumamosi iliyofuata ilikuwa udongo wa matofali, na iliyofuata maji ya kuukanda. Hajawahi kutuambia neno baya. Anatupa chai, anatuuliza habari za nyumbani, na akiuliza hivyo Fabien anaacha kunywa. Mtihani ni mwezi wa sita. Mtoto naye, tukihesabu vizuri, ni mwezi wa sita. Mpaka hapo hakuna Jumamosi yetu.

Merveille sasa ana miezi saba na anatembea ameshika kiuno. Aliniuliza kwa nini kila juma tunakwenda kwa prof. Nilimjibu kwamba ni mtu mwema, anamsaidia Fabien masomo. Jana prof alituma ujumbe: watoto wake wanataka simbiliki wawili wa kufuga. Merveille alifurahi kusikia kuna namna ya kumshukuru. Alipiga magoti jikoni, akawachagua yeye mwenyewe, wawili walionona kuliko wote, akawatilia majani ya viazi ya njiani, akafunga kikapu kwa kamba na kukijaribu kama kimekaza. Kisha akampa mume wake akibebe.