Hema Nililolikagua Kiseke

Jumamosi iliyopita nilitoka nyumbani nimeapa kutorudi bila hema. Niliwaahidi wanangu wanne na baba yao kwamba likizo hii tutalala ufukweni, na mahema ya dukani yalinishinda bei. Nikapata mtu wa mtaa wa Kiseke anayeuza lililotumika. Alinielekeza nyumba yenye geti la bluu.

Geti nililiona, na uani hema kubwa limesimama. Mzee alikuwa ameketi kibarazani.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kuliona hema."

"Marahaba, mwanangu. Liangalie tu."

Nikavua viatu, nikaingia. Nilivuta zipu zote, nikatikisa nguzo, kisha nikajilaza kwenye godoro na kutanua mikono, nipime kama tutaenea sita. Nikajiona mjanja, nikapaza sauti humohumo: "Limechakaa, baba. Punguza bei, na hili godoro uniongezee."

Simu yangu ikaita.

"Dada, mbona hufiki?" muuzaji akauliza. "Nimesimama getini nakusubiri."

Nikachungulia. Getini hapakuwa na mtu. Mlangoni mwa hema alisimama mama mmoja mwenye kanga, ametoka kuoga, ananitazama.

"Mwanangu," mzee akasema taratibu, "huyo ni mama mkwe wa binti yangu, mgeni wetu. Hema ni lake, na hapo ulipolala ndipo anapolala."