Soda ya Chelangat

Kiptum wa Saboti alipiga marufuku sukari nyumbani kwake mwaka wa 2004, mara tu mkewe Chelangat alipopimwa Kitale na kuambiwa ana kisukari. Sisi majirani tukawa tunapewa chai chungu, na aliyenung'unika alionyeshwa njia. Nilimcheka sana, lakini ukweli ni kwamba alimpenda mama huyo kupita kiasi. Aliamini adui ni mmoja tu, na ameshamfungia nje.

Mavuno yalipofika alituita tukampukuchulie mahindi, kazi ya kupiga magunia ya mahindi kwa fimbo hadi punje zitoke. Kwetu, watu wakija kusaidia, mama wa boma hali mpaka mgeni wa mwisho ashibe. Chelangat alimeza kidonge chake cha asubuhi, akawasha moto, akaanza kupika. Saa saba ikapita bila chakula, kwa sababu Kiptum alitaka rundo liishe kwanza.

Mara tukasikia matusi. Chelangat, ambaye hata kuku hawafokei, alikuwa akimtukana mumewe mbele yetu! Jasho lilimtiririka, na mikono ilitetemeka hadi mwiko ukaanguka.

"Sukari imepanda!" Kiptum akapiga kelele. "Nani amempa soda?"

"Imeshuka, Kiptum," alisema Nekoye, jirani yetu aliyezaliwa Kamukuywa, ambaye ana ugonjwa huohuo. "Amekula nini leo?"

"Si alikunywa dawa?"

"Nimeuliza amekula nini."

Tangu kile kidonge hakuwa ametia kitu kinywani. Dawa ile hushusha sukari ya damu hata kama tumbo ni tupu, na ubongo ukiikosa, mtu huanza kupotea huku anakutazama. Nekoye hutembea na soda kwa sababu hiyo. Aliitoa kwenye kikapu, lakini Kiptum akamzuia.

"Ati soda? Unataka kuniulia bibi, bana?"

"Bado anaweza kumeza. Akizimia hatutaweza kumpa kitu."

Chelangat alikuwa ameketi chini, macho yamelegea. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Kiptum alimtazama mkewe, akatazama chupa, kisha akaichukua, akapiga magoti na kumnywesha mwenyewe, kidogo kidogo.

Polepole jasho likakauka. Chelangat akatuona tumemzunguka, akaona haya.

"Wageni wamekula?" akauliza.

Kiptum aliingia jikoni, mahali ambapo sikuwahi kumwona, akarudi na sahani ya ugali na maharagwe, akaiweka mapajani mwa mkewe.

"Wewe kwanza."

"Na watu?"

"Watangoja."

Tukangoja, wanaume wazima wenye njaa, tukimtazama mwanamke mmoja akila. Hakuna aliyecheka. Kiptum alikuwa ameketi kando yake akilia, na hakujali nani anamwona.