Shangazi Alipomwomba Waziri Shati

Waziri wa uvuvi alikuja kijijini kwetu na shati jipya. Akaondoka kifua wazi, poda imemkaukia mgongoni, na wala hakuibiwa.

Aliombwa.

Aliyemwomba ni shangazi yangu wa damu kabisa. Na aliyemkalisha shangazi mstari wa mbele ni mimi. Mpaka leo ofisini wakiniona naingia wanajifunga vifungo vya shati.

Tulieni niwape mkanda mzima.

Mimi ni afisa sera. Kazi yangu ni kuandika "uvuvi endelevu" mara nyingi hadi samaki wenyewe wakisikia wanasinzia.

Miaka mitatu tulikuwa na sera moja tu mezani: kuulinda mlango wa mwamba wa kijiji chetu. Ni pale ikari wanapopita mwezi ukiwa mpevu, kutoka bahari ya ndani kwenda kutaga bahari kuu.

Ikari ndiye samaki wetu. Ana miiba utadhani ana ugomvi na wewe, lakini akichomwa juu ya makumbi ya nazi unamsamehe yote.

Milango mingine ya kisiwa imekufa. Mmoja ulizibwa na barabara. Mwingine ulitegwa nyavu kila mwezi mpevu, mpaka siku moja wakavuta wakapata maji na ndala moja. Huu wetu ukifa, basi. Wanetu watamwona ikari kwenye stempu.

Kwa hiyo tukafanya semina. Tukafanya warsha. Tukafanya semina ya kutathmini warsha.

Akaletwa mtaalamu kutoka ng'ambo, mtu mwema, mwekundu kama kaa wa kuchemsha, akatuchorea mishale ukutani. Na kila kikao kijiji kilichinja nguruwe, maana mgeni ni mgeni hata kama kaja na mishale.

Hatimaye sera ikaiva. Mwezi mpevu, hakuna wavu mlangoni. Marufuku. Faini juu.

Isipokuwa.

Hilo neno lilirudi kutoka kwa waziri, limeongezwa kwa kalamu yake. Isipokuwa "wavuvi wenye mchango maalumu kwa uchumi".

Kisiwa kizima mvuvi wa namna hiyo alikuwa mmoja. Anaitwa Bauro. Ana boti la injini mbili, ana chumba cha barafu mjini, na dada yake anaamka kila asubuhi kitanda kimoja na waziri.

Nikajikaza nikaenda kumwona mheshimiwa.

"Mheshimiwa, wavu wa Bauro peke yake unaziba mlango mzima."

"Ndiyo maana tumeandika maalumu," akanijibu, akanipigapiga begani.

Nikanywea. Nilitoka mle ndani nina hasira na waziri, na hasira zaidi na mimi mwenyewe.

Sasa niwajulishe kwa shangazi.

Shangazi Teretia ni mtu wa bubuti. Kwetu mtu akikuomba kitu waziwazi kwa bubuti, hukatai. Unatoa. Ukikataa, aibu yake utaikuta kaburini inakusubiri imekaa.

Dawa yake ni moja tu: uliyempa naye ana haki ya kukuomba. Ndiyo maana watu wenye akili huomba kwa kiasi.

Shangazi hana kiasi. Akionekana njiani, watu wanaingiza redio ndani. Baiskeli anayoendesha ilikuwa ya katekista. Sufuria yake kubwa ilikuwa ya jirani, na mfuniko ulikuwa wa jirani mwingine.

Wizara ilitaka "mwakilishi wa akina mama" akae mbele siku ya uzinduzi, apendezeshe picha. Nikampendekeza shangazi. Nilidhani namfanyia hisani.

Nilipokwenda kumwambia, nikamsimulia na habari ya isipokuwa. Alikuwa anakuna nazi. Hakuacha kukuna.

"Hilo shati la uzinduzi atakalovaa waziri," akauliza, "ni pamba?"

"Shangazi! Nakwambia mlango unakufa, wewe unauliza shati?"

"Mtoto wa kaka yangu, nimekuuliza. Ni pamba?"

"Pamba."

"Basi nitakuja."

Nikaondoka nikisema moyoni, huyu uzee umeanza kumpiga chenga.

Siku ikafika. Maneaba, jumba letu la mikutano, likajaa. Kila ukoo umekaa mahali pake kwenye mikeka, wazee mbele, miguu imekunjwa. Wageni wakavishwa mashada kichwani, wakapulizwa manukato, wakamwagiwa poda shingoni mpaka mtaalamu wetu akapiga chafya kama injini ya Bauro.

Waziri alipendeza, lazima niseme. Shati la bluu, mgongoni limeandikwa kwa herufi kubwa: SAMAKI WA LEO NI WA KESHO.

Akahutubia. Endelevu, endelevu, endelevu. Bauro amekaa nyuma yake, anatikisa kichwa kwa uchungu wa kizalendo.

Kisha mimi nikapita na maikrofoni kwa wadau watoe maoni.

Shangazi akanipokonya.

"Mwanangu mheshimiwa," akasema kwa sauti ya asali, "shati lako zuri sana. Nalibubuti."

Jumba zima likalipuka kwa kicheko. Waziri naye akacheka. Uchaguzi ulikuwa karibu, na kamera zinawaka. Angefanyaje? Akafungua kifungo kimoja kimoja, akalivua, akampa. Makofi! Watu wakapiga mikeka. Kitambi cha mheshimiwa kikatoka nje kupunga upepo.

"Mama ni mama!" akasema waziri huku akipunga mikono. Alijua kapata kura.

Shangazi akalivaa palepale juu ya gauni. Akageuka, akatuonyesha mgongo.

"Yameandikwa nini hapa? Someni, mimi miwani sina."

Watu wakasoma kwa pamoja: "Samaki wa leo ni wa kesho!"

"Nimepewa shati," akasema. "Lakini shati lina maneno, na maneno bila kitu chenyewe ni kitambaa. Mwanangu, nabubuti na mlango. Wavu wa Bauro usiuguse tena mwezi mpevu. Wala wa mtu wako mwingine yeyote."

Kicheko kikakatika.

Bauro akaacha kutikisa kichwa.

"Mama yangu," waziri akaanza, jasho linachora mito kwenye poda, "hilo suala lina mchakato wake..."

"Sijaomba mchakato. Mchakato tunao, uko hapa miaka mitatu unakula nguruwe wetu. Nimeomba mlango."

Mtaalamu akaniinamia, akaninong'oneza, "Hii imo kwenye ajenda?"

"Ndiyo yenyewe," nikamwambia.

Waziri akawatazama wazee. Wazee wakamtazama. Angelikataa mle ndani, chini ya paa lile, jina lake lingeoza na la watoto wake. Akamgeukia shemeji yake. Bauro alikuwa anasoma mkeka.

"Chukua," waziri akasema. Sauti ilikuwa ndogo kuliko kitambi.

Jamani, nililia. Mbele za watu, afisa mzima na kitambulisho shingoni.

Watu walikuwa wameshaanza kuimba. Waziri akanyanyua mkono.

"Ngoja. Nimetoa. Sasa na mimi nabubuti."

Wimbo ukafa.

"Nabubuti nyavu za kijiji hiki. Zile mnazotega palepale mlangoni mwezi mpevu, Bauro akishapita. Au mlidhani sijui?"

Hapo ndipo mkuki ulipogeuka. Maana miaka mitatu tumemtukana Bauro semina baada ya semina, na hakuna aliyefungua mdomo kusema kwamba kila nyumba ina wavu wake umefichwa darini. Nyani haoni kundule. Na nyani wenyewe tulikuwa ukumbi mzima.

Wanaume wote wakawa wanakagua paa.

"Hata wa mama mkwe wangu?" mmoja akauliza kwa unyonge.

"Huo wa kwanza," waziri akajibu.

Shangazi akajishika kichwa. "Uwii! Ametumaliza! Mheshimiwa ametumaliza!" Alilia kilio cha msibani. Kisha, akiwa bado analia, akasimama akaenda nyumbani, akarudi na wavu wake mwenyewe, akautupa miguuni pa waziri. Ni nani tena angebaki amekaa? Wakatoka mmoja mmoja, wakarudi wanaburura nyavu, hadi mtaalamu akakosa pa kukunja miguu.

Hivyo ndivyo waziri alivyopanda boti kurudi mjini: kifua wazi, amekalia lundo la nyavu, na shemeji yake hamsemeshi.

Jioni nikaenda kumpa pole shangazi. Nilitegemea kumkuta amelala na kitambaa kichwani.

Nikamkuta amechuchumaa jikoni, amevaa shati lake la bluu, anacheka peke yake.

"Shangazi! Si ulikuwa unalia?"

"Nililia vizuri?"

Nikachuchumaa karibu naye. "Ulijua ataomba nyavu?"

"Mtu umemvua shati mbele ya watu, halafu umemvua na mlango. Lazima aume. Na kijiji hiki kina kidonda kimoja tu, kila mtu anajua kilipo."

"Sasa si ungewaomba majirani mwenyewe?"

Akaniangalia kama anavyoniangalia tangu nikiwa sina meno.

"Mimi? Niwaombe nyavu, nao waniombe? Nina baiskeli ya katekista humu ndani, nina sufuria ya watu. Wangenibakiza na mkeka."

Kisha akainua jiwe la jiko. Shelisheli lilikuwa tayari kuchomwa, lakini kuni mbichi, moto haushiki.

"Hiyo sera yako," akasema, "ile nakala yenye isipokuwa. Unayo?"

Nilikuwa nayo mkobani. Jalada gumu, rangi, picha ya ikari anayetabasamu.

"Ninayo."

"Nabubuti."

Ningefanyaje? Nikatoa. Akachana kurasa kwa utulivu. Nasema ukweli wa Mungu, ile karatasi iliwaka vizuri sana. Shelisheli halijawahi kuiva hivyo.

Mwezi mpevu uliofuata ikari walipita. Sitawadanganya kwamba walijaa. Walipita kidogo, kama watu wanaochungulia nyumba waliyowahi kufukuzwa. Ila hawakukuta wavu. Bauro alisimama ufukweni anawalinda majirani wasitege, majirani wamesimama wanamlinda Bauro, na hawakusemeshana mpaka maji yalipokupwa.

Mimi nimeandika sera nyingine, ukurasa mmoja, haina isipokuwa. Nimejifunza hivi, ndugu zangu: ukitaka mkubwa atoe, usitoke hapo mikono yako imejaa. Mwache na yeye akuombe kinachokuuma, na umpe. Aliyetoa peke yake hurudi kuchukua.

Na kama una shati zuri, ukipita kwetu, vaa jingine.