Nilidhani Mtandao Haujui Chasu

Mama mkwe alishuka kutoka Mbaga, milimani Upareni, kumwona mtoto, akasema anakaa wiki moja. Huu ni mwezi wa tatu, na kila nikinyonyesha ananiambia nimemshika mtoto kama kuku wa mnadani. Nikaiuliza simu: nimwondoeje huyu mama? Niliandika kwa Chasu, lugha yetu Wapare, maana nilijiona mjanja. Hao wanaotupa huduma za bure mtandaoni hata wakisoma, Chasu watakijulia wapi?

Jumapili kina mama wa usharika wakaniomba nifungue barua pepe yangu kwenye kompyuta ya ofisi iliyounganishwa na projekta ukumbini, ratiba ya semina ionekane ukutani. Nikafungua. Nikagusa pa kutafutia, na kwa kuwa akaunti ni ileile ya simu, maswali yangu yote ya kwenye simu yakamwagika ukutani, herufi kubwa kubwa.

Nilipandwa na hasira. Nani aliwatuma hao wa mtandao wanitunzie maswali? Kumbe nilibonyeza “nakubali” mwenyewe, bila kusoma masharti. Na ukumbi mzima ni Wapare.

Mama mkwe, aliyekaa mstari wa mbele, akavaa miwani, akasoma yote kwa sauti, taratibu.

“Mama Neema,” akasema, “hata Chasu chenyewe hujui kukiandika. Itabidi nikae nikufundishe.”