Choo Kilichochorwa kwa Majivu

Kosa lilikuwa la umati, mimi sikujichagua. Mradi ulikuja Kashikishi, mji wetu wa kando ya ziwa, kutujengea choo cha soko la samaki, na mtaalamu wake akasema lazima wananchi wenyewe wakibuni na wakisimamie. Mwenyekiti wakamchagua mama mmoja mkaushaji wa samaki, kwa sababu sauti yake inasikika hadi Chienge. Katibu wakanichagua mimi, mchuuzi kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Makofi yalipokwisha ndipo mtu akakumbuka kwamba mwenyekiti ni mama mkwe wangu.

Huku kwa Wabemba mkwe hasemi na mama mkwe wake, wala hamtazami, mpaka ukoo umpikie na kumwingiza rasmi. Mwenzangu aliyeoa mdogo wa mke wangu aliingizwa mwaka wa tatu. Mimi nilikuwa mwaka wa tisa, bado niko nje kama mpangaji, na iliniuma sana.

Basi vikao vikawa vituko. Nilikaa nimempa mwenyekiti mgongo.

"Mumuambie sekreteri aandike: milango mbili," anasema mama kwa Kiswahili chake cha sokoni.

Fundi wa nyavu, aliyekaa katikati yetu, ananigeukia: "Andika, milango mbili."

Nimeshaandika zamani, lakini adabu ni adabu. Ajenda tatu zilikula siku nzima.

Siku ya kupitisha ramani, mtaalamu alichora choo chote mchangani kwa majivu, ukubwa halisi. Kisha, uso ukimng'aa kwa ushirikishwaji, akawaita mwenyekiti na katibu waingie pamoja chumba cha kwanza wapime kama kinatosha.

Mama, kwa kuwa kazi ni kazi, akaingia. Mimi nikatimua mbio hadi ziwani, nikasimama maji yakinifika kifuani, viatu miguuni, daftari kichwani. Watu walicheka mpaka wakasahau kufukuza ndege kwenye samaki.

Halafu ile sauti ikaja, safari hii bila kupitia kwa mtu.

"Weye mukwe wangu! Toka mu mayi, kuya upime! Hii kabine iko kadogo!"

Fundi wa nyavu alifungua mdomo anirudishie maneno, akaufunga.

Miaka tisa nilingoja kuambiwa karibu. Nikaambiwa choo ni kidogo. Nilinawa uso haraka ili wasione machozi, nikajibu kwa mara ya kwanza maishani mwangu: "Ndiyo, mama."