Mfungo wa Pelagia

Mimi ndiye niliyempigia simu binti wa Pelagia, na sitaki mtu anitetee.

Kijijini kwetu salamu ina sehemu mbili. Unasema "Tumsifu Yesu Kristo," unajibiwa "Milele amina," kisha mnaanza kulalamika: mgongo, bei ya makaa, matope, padri mpya na mahubiri yake marefu. Ukisema u mzima, watu wanadhani unaringa au unaficha jambo. Na kwa kulalamika hakuna aliyemfikia jirani yangu Pelagia. Kwenye foleni ya zahanati tulikuwa tunamwachia yeye aanze.

Halafu, miezi michache baada ya kumzika mumewe Zenon, akaacha ghafla. Ukimuuliza hali anajibu, "Nashukuru Mungu." Basi. Paa linavuja juu ya kitanda, nyonga mbovu, mjane, eti anashukuru! Nikamchokoza.

"Wee Pela, hata nyonga haikuumi?"

"Inauma. Chai iko tayari, ingia."

Kwaresima ikaisha, Pasaka ikapita, yeye na shukrani zake. Tukakubaliana pale dukani kwamba akili imeanza kumtoka. Kwa kweli niliogopa, ndipo nikampigia binti yake, Urszula.

Urszula akaja Jumamosi na daktari. Nafasi katika nyumba ya wazee mjini alikuwa ameshaipata. Ilibaki daktari aseme tu kwamba mama hawezi kuishi peke yake, na Pelagia angefungashiwa virago siku hiyohiyo.

Pelagia akatupakulia sote supu ya bitiruti. Daktari, mwanamke kijana mpole, akamuuliza siku, mwezi, jina la padri. Akajibu yote.

"Na unajisikiaje, mama?"

"Nashukuru Mungu."

Urszula akarusha mikono. "Umeona, daktari? Kila akiulizwa hali ndivyo anavyojibu!"

Nikainama sikioni mwa Pelagia. "Mwenzangu, lalamika kidogo tu, ubaki kwako."

Akaweka kijiko chini.

"Mnataka malalamiko? Nayajua yote. Nyonga hii nainuka nayo kwa kushika ukuta. Matone ya paa nayahesabu mpaka usingizi unipitie. Koti la Zenon liko pale msumarini, siwezi kuligusa. Na wewe Urszula, tangu mazishi umekuja leo tu, tena kwa kuitwa na Leokadia." Uso wa Urszula ukawa mwekundu. "Siku ya mwisho baba yako aliniomba tumshukuru Mungu pamoja. Nikafungua mdomo, sikujua nianzie wapi! Miaka arobaini na mmoja alinisikiliza nikinung'unika, na sikuwa na hata neno moja la shukrani la kumpa. Kwa hiyo Jumatano ya Majivu, wenzangu mlipoacha sukari na vodka, mimi niliacha kunung'unika. Sikumwambia mtu, maana mfungo hautangazwi. Na sifungui! Nipelekeni mnakotaka, hata huko nitashukuru mpaka mchoke."

Daktari akavuta bakuli lake. "Huyu mama ana akili kuliko wagonjwa wangu wote," akasema. "Ila paa litengenezwe."

Urszula alilia. Kisha akavua viatu vya mjini, akavaa mabuti ya baba yake, akatoka kwenda kutafuta ngazi. Mimi nikaaga, nimejaa aibu mpaka masikioni.

Jumatatu nikaenda dukani. Wote walikuwepo.

"Tumsifu Yesu Kristo, Leokadia. Habari za goti?"

Goti lilikuwa limeninyima usingizi usiku kucha. Nilikuwa na maneno matamu kabisa juu ya goti lile, yamepangana mdomoni.

"Nashukuru Mungu," nikasema, tena kwa ukali.

Mwenye duka akamtazama mkewe, mkewe akatazama simu ukutani, na nikajua kabla ya jioni mwanangu atakuwa amepigiwa.