Nani Atanunua Labda?

Kila anapokaa kuandika blogu yake, fundi wa kutengeneza cherehani hufuta kwanza mafuta vidoleni, kidole baada ya kidole, kisha huanza kwa neno lilelile: labda. Labda uzi umekazwa mno. Labda mkanda umelegea. Mumewe, aliyemfungulia blogu hiyo ili kijitabu chake cha ufundi kipate wanunuzi, neno hilo limemfika kooni. Wasomaji humshukuru mkewe kwa moyo mkunjufu, lakini vijitabu hununua kwa wale wanaojiita mabingwa. "Mama, nani atanunua labda?" mume humwuliza, na asubuhi ya leo alimwapisha kabisa kwamba hataliandika tena. Mchana msomaji mmoja akapiga simu, cherehani yake inakata uzi. Fundi aliinamisha kichwa, akaisikiliza mashine ikikwamakwama simuni, akasema, "Umeweka sindano kinyume. Igeuze." Punde ikasikika ikishona kwa mwendo laini. "Ndiyo hayo sasa," mume akasema, karibu apige magoti. "Yaandike hivyohivyo, usiyatie maji." Mkewe akafuta vidole, kimoja kimoja, akaandika kwa utiifu. Mume akachungulia begani mwake, akasoma: "Huenda sindano imewekwa kinyume."